Maji Yakirudi Mgodini: Pampu za Ruhr na Gharama za Milele

Katika bonde la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, hakuna tena anayechimba makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa mjini Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018. Wachimbaji walipanda juu na vumbi lao usoni, wakamkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier bonge la mwisho, wakaenda zao. Pampu zilibaki. Mpaka leo zinavuta maji kutoka kwenye mashimo yasiyo na mtu wala toroli, na wanaoziendesha wanasema wazi kwamba hawana tarehe ya kuzizima kabisa. Wajerumani wana neno la jambo hili, Ewigkeitskosten, yaani gharama za milele. Neno hilo hulikuti kwenye hotuba tu. Limo katika hesabu za fedha na limewekewa akiba.

Ugomvi wa sasa unahusu kina. Kampuni ya RAG, iliyorithi migodi ya makaa ya chini ya ardhi ya nchi hiyo, haitaki kuendelea kuvuta maji kutoka kule chini kabisa yalikovutwa enzi za uchimbaji. Inataka yaachwe yapande mamia ya mita ndani ya mapango ya migodi, kisha yavutwe yakiwa juu zaidi. Inasema njia hiyo ni nafuu na ni bora kwa mito. Wanamazingira, baadhi ya halmashauri na wenye nyumba wanajibu kwamba maji yakipanda yatabeba sumu zilizoachwa chini, yatasogelea maji ya kunywa na yatainua ardhi chini ya misingi ya nyumba zao. Kila upande una jambo la kweli ambalo upande wa pili hupenda kulipita haraka haraka, na ndiyo maana nataka tuyaangalie yote mawili bila papara.

Kabla ya kupima hoja, tutenganishe pampu za aina mbili, kwa sababu mjadala huu mara nyingi huvurugika hapo tu.

Makaa ya Ruhr yalichimbwa kwa kukata tabaka zima na kuuacha mwamba wa juu uporomoke nyuma ya wachimbaji. Kilichoporomoka kilomita moja chini kilionekana juu baada ya muda: ardhi ilititia. Katika zaidi ya karne moja, sehemu za Essen, Gelsenkirchen, Bottrop na Duisburg zilishuka, na mahali pengine zimeshuka zaidi ya mita 20. Fikiria mtaa mzima, pamoja na kanisa lake, reli yake na mto wake, umeshuka kimo cha ghorofa sita. Mito ilipoteza mteremko. Mto Emscher ndio ulioumia zaidi. Mabomba ya majitaka hayakuweza kufukiwa kwa sababu ardhi iliyokuwa ikitembea ingeyavunja, basi mto wenyewe ukanyooshwa, ukamiminiwa zege na kugeuzwa mfereji wa wazi wa uchafu wa mamilioni ya watu. Ulikaa hivyo takriban miaka mia. Uchimbaji ulipohamia kaskazini ndipo ilipowezekana kulaza mabomba ya kudumu. Kazi ilianza mwaka 1992, ikagharimu zaidi ya euro bilioni 5, na mwisho wa mwaka 2021 ndipo Emscher ulipoacha kubeba kinyesi.

Ardhi iliyotitia, hata hivyo, haikurudi. Imebaki kama bakuli, na mvua inayonyesha ndani yake haina pa kutokea. Hizo ndizo pampu za aina ya kwanza: zinainua maji ya mvua, ya vijito na ya ardhini yaliyo karibu na uso, na kuyamwaga kwenye mito iliyozungushiwa kingo. Zikizimwa, mitaa wanayoishi watu itageuka maziwa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayependekeza zizimwe, iwe kampuni au wapinzani wake. Huo ni mkopo uliokwisha kuchukuliwa. Kilichobaki ni kuulipa.

Pampu za aina ya pili ziko kwenye mashimo marefu ya migodi, na hizo ndizo zenye hiari ya aina fulani. Maji yanayovutwa huko ni mvua iliyopenya kwenye nyufa za miamba, pamoja na maji ya kale yenye chumvi kali yanayotoka pembeni na chini. Katika safari hiyo yanapita kwenye kuta za mapango zenye pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayofuatana na makaa karibu kila mahali duniani. Pairaiti ikiwa imefunikwa na maji au mwamba haina neno. Ikikutana na hewa na unyevu, huoza: hutoa chuma, salfeti na tindikali, na kuna bakteria wanaoishi kwa kuila ambao huiharakisha kazi hiyo mara nyingi sana. Mwamba ukiwa na chokaa ya kutosha, tindikali hutulizwa na maji hubaki na chumvi na chuma tu. Chokaa ikiwa haba, maji hutoka makali kama siki, na chuma chake kikifika kwenye hewa ya nje hugeuka kutu ya rangi ya machungwa inayofunika kitanda cha mto, mayai ya samaki na wadudu wanaoliwa na samaki hao.

Ukishaelewa hapo, hoja ya kwanza ya RAG inaanza kuwa na uzito, ingawa kwa kuitazama tu inaonekana kama ya kichekesho: njia ya kuyafanya maji ya mgodini yawe safi zaidi ni kuujaza mgodi maji. Kuta zikizama, hewa haizifikii tena, na uozaji wa pairaiti unakaribia kusimama. Tena, safu ya maji inayopanda ndani ya mgodi inasukuma kwa uzito wake, hivyo yale maji ya chini yenye chumvi nyingi yanapata upinzani na kuingia kidogo kuliko zamani. Mgodi unaovutwa mpaka sakafuni ni kama kisima kinachonyonya kutoka pande zote. Ukiupunguzia kunyonya, unapunguza pia kile usichokitaka.

Hoja ya pili ni nishati. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa mita 1,000 kunahitaji karibu kilowati-saa 2.7 kwa hesabu ya fizikia peke yake, kabla ya upotevu wa pampu. Kwa mita 600 ni kama 1.6. Kwa maji ya makumi ya mamilioni ya mita za ujazo kila mwaka, tofauti hiyo ni umeme mwingi sana, na ni umeme ambao mtu atauchoma kila mwaka wa maisha yake, ya wanawe na ya wajukuu zake. Mtu anayejali hali ya hewa hawezi kuipuuza hoja hii kwa sababu tu imetoka kwenye kinywa cha kampuni ya makaa.

Ya tatu ni mito. Kwa kuyaacha maji yapande, migodi ya jirani inaungana chini kwa chini kupitia njia za zamani, na maji yanaweza kuelekezwa kwenye vituo vichache. Mpango wa RAG ni kubaki na vituo sita katika Ruhr: Lohberg na Walsum vinavyomwaga kwenye Mto Rhine, Haus Aden kwenye Mto Lippe, na vitatu vya kusini vinavyomwaga kwenye Mto Ruhr. Emscher, ule uliobeba uchafu karne nzima, unaachwa bila maji ya mgodini kabisa. Pampu zenyewe zinakuwa za kuzamishwa kutoka juu kupitia mabomba, kwa hiyo hakuna tena haja ya kushusha watu kwenda kutunza mitambo kwenye mapango yanayozeeka na yenye gesi ya methani. Kwa mtu aliyewahi kupokea habari ya ndugu aliyefukiwa mgodini, hiyo si hoja ndogo.

Sasa twende upande wa pili, ambako binafsi nimetumia muda mrefu zaidi, maana ndiko kwenye mambo yasiyoweza kurekebishwa.

Hofu ya kwanza ni kile maji yatakachokiosha. Katika miongo ya uchimbaji, kuta zilizokuwa kavu zilikusanya chumvi za chuma na salfa, zikingoja. Maji yakizifikia kwa mara ya kwanza huziyeyusha zote kwa mkupuo. Ndiyo maana maji ya kwanza kutoka kwenye mgodi uliojaa huwa mabaya kuliko ya mwanzo na ya baadaye. Uzoefu wa migodi mingi ya makaa umetoa kanuni ya makadirio: kipindi hicho kibaya hudumu kama mara nne ya muda ambao mgodi ulichukua kujaa. Uliojaa kwa miaka 15 utasumbua kwa miaka 60. Ujerumani ina mfano wake kule Ibbenbüren, kaskazini ya Ruhr. Sehemu ya magharibi ya mgodi ilifungwa mwaka 1979, ikajaa katika miaka michache, na tangu hapo maji yanatoka yenyewe kwa mteremko, bila pampu. Chuma kilianza kwa kiwango cha juu sana kisha kikashuka sana. Watetezi wa mpango husoma mfano huu kwa kusisitiza neno «kikashuka». Wapinzani hukumbusha kwamba baada ya miaka zaidi ya 40 maji hayo bado yanapitishwa kwenye mtambo wa kusafishia. Wote wanasoma kielelezo kilekile, na wote wamekisoma sawasawa.

Hofu ya pili ni kemikali za PCB, na hapa kuna historia inayostahili kusimuliwa. Agosti 1956 moto uliwaua wachimbaji 262 katika mgodi wa Marcinelle, Ubelgiji, na mafuta ya mitambo yalikuwa miongoni mwa vilivyoulisha moto huo. Baada ya hapo migodi ya Ulaya ilitakiwa kutumia vimiminika visivyoshika moto kirahisi. PCB hazishiki moto kirahisi. Zikamiminwa kwenye mitambo ya haidroliki ya migodi ya Ruhr na ya Saar, eneo jingine la makaa la Ujerumani, kwa maelfu ya tani mpaka miaka ya 1980, na kwa kuwa mitambo ya chini ya ardhi huvuja kila siku, sehemu kubwa ilibaki huko huko, kwenye vumbi na matope ya sakafu. Kwa hiyo sumu hii haikuletwa na uzembe wa mtu mmoja mbaya. Ililetwa na hatua ya kuokoa maisha. PCB haziozi haraka, hujikusanya kwenye mafuta ya samaki na ya wanaowala, na zimeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani.

Je, maji yakipanda yatazileta juu? RAG inajibu kwamba PCB hung'ang'ania chembe za vumbi, haziyeyuki kwenye maji. Katika mgodi unaovutwa, maji yanakimbia kwenye mifereji na kubeba matope. Katika mgodi uliojaa, maji yanatembea polepole na matope yanatua. Kwa hiyo, inasema, kujaza ni kuzizika. Kisayansi hoja hiyo ina mantiki, na siwezi kuikana. Lakini wanaopinga wana jibu ambalo sijaona likijibiwa vya kutosha: kama una hakika kwamba zitazikwa, kuweka kichujio kwenye mdomo wa bomba hakutakugharimu hoja yoyote, kutakugharimu fedha tu. Na kama PCB zinafika mtoni tayari hata leo, kwa kiasi kidogo lakini kinachopimika, basi kichujio kilihitajika tangu jana, maji yapande yasipande.

Kwenye baadhi ya migodi kuna jambo jingine lililozikwa: majivu ya vichujio kutoka kwenye mitambo ya kuchoma taka, yaliyosukumwa kwenye nafasi zilizochimbwa kuanzia miaka ya 1980 kwa kibali cha serikali. Wakati ule ilionekana kama suluhisho la busara: taka inapata pa kukaa na mwamba unapata kitu cha kuuegemeza. Wakazi wanauliza swali la kawaida kabisa. Aliyetoa kibali alijua kwamba ipo siku pampu zitasimama?

Hofu ya tatu ni maji ya kunywa. Kaskazini ya Ruhr, juu ya tabaka za makaa, kuna mchanga wa Haltern, ghala la maji ya ardhini linalonywewa na zaidi ya watu milioni moja. Katikati yake na migodi kuna tabaka nene la mawe ya udongo na chokaa ambalo halipitishi maji kirahisi. Mpango unataka maji ya mgodini yabaki mbali chini ya ghala hilo, na pampu ziwepo daima kuhakikisha hivyo. Hapo ndipo jambo linapodhihirika: hata mpango wa kupandisha maji si mpango wa kuacha kuvuta. Ni wa kuvuta kutoka juu zaidi, milele. Anayemwambia mwananchi kwamba mgodi ukijazwa utajitunza wenyewe hasemi kweli, na kwa haki lazima niseme kwamba RAG haidai hivyo.

Ya nne ni ardhi inayoinuka. Maji yakirudi kwenye miamba iliyopondeka, huisukuma na kuivimbisha kidogo. Mwinuko ni sehemu ndogo sana ya ule mtitio wa zamani. Ukiwa sawa kwa mji mzima, hakuna atakayeuona. Taabu huja kwenye nyufa kuu za miamba, upande mmoja ukiinuka na mwingine ukabaki. Ndivyo ilivyotokea Wassenberg, karibu na mpaka wa Uholanzi, baada ya mgodi wa Sophia-Jacoba kufungwa mwaka 1997: nyumba zilizokaa juu ya ufa zilipasuka kuta. Katika Saarland watu wana kumbukumbu nyingine. Februari 2008 uchimbaji ulisababisha tetemeko lenye nguvu ya karibu 4, mawe yakadondoka kanisani, na miaka minne baadaye uchimbaji wa makaa wa jimbo lile ukakoma kabisa. RAG ilipoomba kuyaacha maji yapande huko mpaka mita 320 chini ya usawa wa bahari, na kuruhusiwa mwaka 2021, halmashauri kadhaa zilikwenda mahakamani. Mhandisi atakuambia mitikisiko ya kujaza huwa midogo. Ni kweli. Lakini mtu aliyewahi kuamshwa na nyumba yake ikilia hasomi jedwali la uwezekano kwa utulivu ule ule.

Nikiziweka hoja hizi pamoja, naegemea upande wa kuyaacha maji yapande, kwa kiasi, na nitasema kwa nini. Hali ya sasa nayo ni uharibifu. Wanaopinga mara nyingi huongea kana kwamba kuvuta kutoka chini kabisa ni hali salama inayotaka kuvurugwa, ilhali uvutaji huo unaleta chumvi nyingi mitoni, unaweka kuta kwenye hewa zioze zaidi, na kila mwaka unaotumika kungoja unaongeza zile chumvi zitakazokuja kuoshwa siku moja. Kwa sababu hiyo, kuahirisha nako kunaongeza uchafu wa kesho.

Hata hivyo, siwezi kuukubali mpango kama kampuni inavyopenda kuueleza, ambapo faida ya mito inatangulia na nafuu ya fedha inatajwa kwa sauti ya chini. Anayenufaika na maji kupanda ndiye huyo huyo anayekadiria hatari zake. Hilo halimfanyi mwongo. Linataka tu vipimo viwe mikononi mwa mwingine. Jimbo la Nordrhein-Westfalen limeanzisha ufuatiliaji wa pamoja unaozikutanisha mamlaka, kampuni na wadau wa maji na mazingira, na hiyo ni hatua ya maana. Ningetaka zaidi: sehemu ya akiba inayopatikana kwa kuvuta kutoka juu itengwe kwa jina kwa ajili ya vichujio vya PCB na kwa ajili ya kuta zitakazopasuka. Nafuu ikiwa ya kweli, itatosha kugawana.

Hapo tumefika kwenye fedha, na katika fedha Wajerumani wamefanya jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa kuliko wasomaji wengi, kwa sababu sisi tuna neno lake. Mwaka 2007, miaka 11 kabla ya mgodi wa mwisho kufungwa, waliunda RAG-Stiftung. Ni wakfu. Mali iliwekwa kando, hasa hisa za kampuni ya kemikali ya Evonik, kwa masharti kwamba mapato yake yalipie pampu za migodi, pampu za mabakuli ya ardhi na usafishaji wa maji ya ardhini yaliyochafuliwa kwenye viwanda vya koki, yaani makaa yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia chuma. Tangu 2019 wakfu huo ndio unaolipa, na makadirio ya mwanzo yalikuwa kama euro milioni 220 kwa mwaka. Pwani yetu ina visima na misikiti iliyotunzwa kwa karne kwa utaratibu wa namna hiyo: mali haiuzwi, mazao yake yanahudumia. Deni lisilo na mwisho linajibiwa kwa mfuko usio na mwisho.

Wapo wanaoukosoa wakfu huo nao, na hawana makosa. Tangu mwanzo mali yake iliegemea sana kampuni moja katika sekta moja, na bei ya hisa haijui kwamba Gelsenkirchen iko ndani ya bakuli. Fedha zikipungua, serikali za majimbo na ya shirikisho zimeahidi kuziba pengo, maana yake mlipa kodi amesimama nyuma ya mlango akingoja kuitwa. Bado, mlango upo na mtu amesimama nyuma yake. Sehemu nyingi duniani hakuna hata ukuta.

Uingereza ilichelewa. Kwa muda mrefu sheria yake ya maji ilimwachia mwenye mgodi aondoke bila kuwajibika kwa maji yatakayotoka baadaye kwenye mgodi alioutelekeza. Kinga hiyo iliondolewa kwa migodi iliyofungwa baada ya mwisho wa 1999 tu, wakati sehemu kubwa ya migodi yake ilikuwa imekwisha kufungwa. Leo chombo cha serikali ndicho kinachoendesha mitambo zaidi ya 70 ya kusafisha maji ya migodi ya makaa, mingi ikitumia mabwawa ya kutuamishia chuma na matete ya kukinasa kilichobaki. Inafanya kazi nzuri, na kodi ndiyo inayoilipia. Kuna faraja ndogo: maji hayo ni ya uvuguvugu, na mji wa Gateshead unapasha majengo joto kwa maji ya mgodini, kama Heerlen wa Uholanzi ulivyoanza kufanya mwaka 2008.

Karibu nasi zaidi, Afrika Kusini inaonyesha ncha zote mbili. Katika mji wa eMalahleni, jina lenye maana ya mahali pa makaa, mgodi wa Transvaal and Delagoa Bay ulifungwa mwaka 1953. Makaa yaliyobaki ndani yakashika moto, ardhi ikabomoka, na tindikali ikaendelea kutiririka kwenye vijito kwa miongo kadhaa bila mwenyewe wa kuulizwa. Mji huo huo, tangu 2007, unapata sehemu ya maji yake ya kunywa kutoka kwenye mtambo unaosafisha maji ya migodi ya makaa ya chini ya ardhi. Mwanzoni mwa 2012, wakazi wa Carolina, mji mwingine wa Mpumalanga, waliamka na bwawa lao likiwa limeingiwa na maji ya tindikali kutoka maeneo ya migodi ya makaa. Walikaa miezi bila maji ya bomba ya kunywa, mpaka mahakama ikaamuru wapelekewe.

Naandika haya nikiwa na Kiwira akilini. Mgodi huo wa kusini-magharibi mwa Tanzania ulijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1980 na ukachimbwa chini ya ardhi, na nchi inazidi kuyageukia makaa yake ya kusini. Kwa ukubwa, Kiwira ni tone mbele ya Ruhr. Hakuna mji uliotitia mita 20 na hakuna haja ya kumtisha mtu. Lakini maji ya nyanda zile yanateremka Ziwa Nyasa, ziwa ambalo maji yake huchukua muda mrefu mno kubadilika, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tayari inaruhusu kudai dhamana ya fedha kwa mwenye mradi. Kitu cha kwanza cha kujifunza ni kuchukua vipimo vya maji vya kabla: chemchemi zilikuwa na chumvi kiasi gani, mto ulikuwa na chuma kiasi gani, kabla ya jembe la kwanza kushuka. Bila kipimo hicho kila ugomvi wa baadaye unakuwa neno la mwanakijiji dhidi ya neno la kampuni. Kwa migodi mipya inayoombewa leseni kusini, kipimo hicho bado kinaweza kuchukuliwa, kwa chupa, kwa maabara ya kawaida ya maji, kiangazi na masika, kwa miaka miwili mfululizo, na matokeo yakabandikwa kwenye ofisi ya kijiji.